Nyumba Isiyopiga Yowe

Endabash,
S.L.P. 31,
Karatu.
17 Julai 1983

Mpendwa Kaka Wilibrodi,

Leo ni Jumapili, tumetoka misa ya kwanza. Kabla ya kushika kalamu nimejiahidi kwamba nitakueleza yote, hata lile ambalo sijamwambia mtu ila Mama. Ukilifikia, tafadhali usiiache barua hapo.

Shikamoo kaka. U hali gani huko Tabora, na kazi ya reli inaendeleaje? Wifi na mtoto wanaendeleaje? Sisi hatujambo. Miguu ya Mama inavimba akitembea sana, lakini hataki kuambiwa apumzike. Sabuni ulizotuma zilifika zote. Mama amezifukia ndani ya mahindi ghalani, na anatukatia kipande kidogo kila Jumamosi kwa kisu, kama anakata nyama ya wageni.

Sasa nianze. Tangu Machi Qamara yuko hospitali ya misheni kule juu, ng'ambo ya lango la Ngorongoro. Mama hakutaka kukuandikia. Anasema kila jina la Qamara likitajwa, barua zako zinakuja fupi. Mimi naona ni mdogo wako kama nilivyo mimi, na tangu Baba atutoke wewe ndiye mkubwa wetu. Ni lazima ujue.

Likizo ya Juni mimi na Mama tulikaa huko majuma matatu, tukimpikia. Baridi ya kule unaijua, ukungu hauondoki mpaka saa nne, na asubuhi huendi bombani mpaka nyati waondoke. Nilidhani kazi yangu itakuwa kuosha sufuria. Kumbe Nesi Ndeshi alikuwa ananihitaji. Yeye ni mtu wa Machame, amesomea Dodoma kuuguza wagonjwa wa akili, lakini Kiiraqw hajui hata neno. Na Qamara, unakumbuka, akikasirika Kiswahili chote kinamtoka. Basi nikawa mkalimani.

Siku ya nne niliona jambo ambalo nikifumba macho bado naliona. Mgonjwa mwenzake alichukua blanketi lake. Qamara akanyanyua benchi la wodi juu ya kichwa. Mimi nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Nesi Ndeshi akaniambia taratibu, "Nyamaza, dada. Simama nyuma yangu." Akawatoa wengine wote kwa ishara ya mkono. Yeye hakumwendea mbele. Alisimama upande, mbali kiasi kwamba benchi lisingemfikia, mikono yake wazi, na mlango hakuuziba. "Mwambie niko hapa. Mwambie simshiki. Mwambie mlango uko wazi." Nikasema hayo matatu kwa Kiiraqw. Tulisimama muda wa kusali fungu moja zima la rozari. Benchi likashuka lenyewe.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuita wanaume. Akasema, "Mtu mmoja ndiye anayeongea. Wakiwa kumi, mgonjwa hasikii maneno, anaona mikono tu."

Kila Alhamisi wagonjwa wa wodi ile wana kikundi cha mazungumzo. Nesi alinieleza kwamba mwanzoni aliwapanga kwenye viti kwa duara, watazamane, kama alivyofundishwa. Hakuna aliyesema kitu. Mwishowe Lembris, mchungaji wa Endulen, akauliza, "Kesi ni ya nani? Nani ameshtakiwa?" Ndipo Nesi alipotambua kwamba huku kwetu watu wazima wakikalishwa duara mchana, kuna mtu atatozwa ng'ombe. Akaondoa viti. Siku hizi wanakaa kwenye mkeka, bega kwa bega, wanapukuchua maharage ya jikoni. Mikono ikifanya kazi, mdomo nao unafunguka.

Alhamisi iliyofuata lile benchi, Lembris alimwanza Qamara. "Wee Mmbulu, benchi lile ulitaka kulioa?"

Qamara hakuinua macho kwenye maharage. "Nimelichagua kwa sababu halina baba wa kudai mahari."

Kaka, walicheka mpaka maharage yakamwagika. Nami nilicheka na machozi yakanitoka, maana sikuwa nimemsikia Qamara akitania tangu ulipoondoka.

Wakati bado wanacheka, Nesi akamuuliza hasira inaanzia wapi. Akajibu kwa Kiiraqw, nami nakuandikia kama nilivyotafsiri. "Inaanza ndogo. Ningeweza kuibeba. Lakini likipigwa yowe, mwili unakuwa si wangu. Naona fimbo zinakuja na najua wamekuja kuniua." Akapukuchua maganda mawili matatu. Kisha akasema, "Siku ile sikujua kwamba ni Wili. Nilishikwa kwa nyuma. Ningejua ni Wili ningeuangusha ule mpini wa jembe."

Hapo nilishindwa kutafsiri. Nesi alinisubiri.

Sasa nasema lile nililojiahidi. Siku ile uliyovunjwa mkono, watu wote wanajua kwamba yowe lilitoka kwetu, na wanadhani ni la Mama. Mama alikuwa mtoni. Yowe lile lilikuwa langu. Qamara alikuwa anapiga kelele peke yake zizini, hajamgusa mtu, na jembe lilikuwa bado limeegemea ukuta. Niliogopa, nikafanya kama tulivyofundishwa wote tangu utotoni. Nawe unajua sheria ya huku: likipigwa yowe kila mtu anakimbia na fimbo, na asiyekuja anatozwa faini. Walikuja watu zaidi ya ishirini. Wewe ulitangulia ili wasimpige, ukamkumbatia kwa nyuma, naye akakugeukia na mpini. Nimekaa na jambo hili miaka miwili. Nilimwambia Mama Alhamisi ile ile ya maharage, nje ya wodi. Alinitazama sana, akasema, "Ningekuwa mimi ningepiga kubwa zaidi." Sina hakika kama alitaka kunifariji, lakini nilifarijika.

Tuliporudi nyumbani Mama alikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Inosenti. Akamwambia kwamba Nesi anataka kumpa Qamara siku tatu za kujaribu nyumbani, lakini hatamwachia kwenye kijiji cha mayowe. Mzee Inosenti aliitisha nyumba zote kumi. Walibishana sana. Sylvesta, jirani wa shamba la chini, alisema yowe ni la babu zetu na haliwezi kuondolewa kwa ajili ya mtu mmoja. Nilinyoosha mkono kama darasani, nikaeleza habari ya benchi. Nilidhani watanifukuza. Walisikiliza. Mwishowe balozi akasema yowe libaki kwa mwizi, kwa moto na kwa fisi, lakini kwa Qamara lisipigwe. Tukihitaji msaada, mtoto mmoja atumwe kumwita balozi, naye atakuja peke yake.

Qamara alifika Ijumaa ya juma lililopita kwa gari la misheni. Siku ya kwanza alilala tu. Siku ya pili mbuzi wa Sylvesta waliingia kwenye maharage yetu. Qamara akachukua jembe na kuanza kunguruma. Sylvesta, aliyekuja kufuata mbuzi wake, akaweka mikono mdomoni apige yowe. Mama akamwambia, "Sylvesta! Toa sauti hiyo, nami nitakuziba kwa ugali wa moto!" Mwanamume mzima akafunga mdomo.

Nilimtuma mtoto wa dada Marsela kwa balozi. Mimi nikasimama upande, mikono wazi. "Qamara, ni Evarista. Niko hapa. Sikushiki. Mbuzi wametoka." Sauti ilitoka nzuri, ya chini. Hakunitazama. Alilipiga jembe ardhini kwa nguvu zote, akalipiga tena, akaenda hivyo mpaka mwisho wa shamba. Alipofika kwenye ua wa minyaa akaketi. Tulipotazama nyuma yake tukaona amelima mstari mmoja mrefu, ulionyooka.

Mzee Inosenti alikuja. Sijawahi kumwona mzee yule bila fimbo, lakini aliiacha getini. Akaketi kando ya Qamara, akaomba maji ya kunywa, akautazama ule mstari. "Kijana," akasema, "hapa utapanda nini?"

Qamara akasema, "Viazi."

Vimepandwa, kaka. Ndiyo habari.

Jumatatu alirudi hospitali. Sindano yake ya kila mwezi anaipokea bila kushikwa. Nesi anasema mwisho wa Agosti anaweza kutoka moja kwa moja, na mimi naamini atatoka. Lakini Qamara mwenyewe amegoma. Anasema hataingia kulala katika nyumba ya Baba mpaka yule ambaye yeye alimvunja mkono aseme aingie. Mama hawezi kulisema hilo kwa niaba yako, wala balozi, wala mimi.

Wanakusalimu Mama, dada Marsela na watoto wake, na Mzee Inosenti. Hata Sylvesta amesema nikuandikie jina lake. Nisalimie wifi na umpakate mtoto kwa ajili yangu. Mungu akulinde kwenye reli zako, mchana na usiku, na akuonyeshe njia ya kurudi huku.

Mimi mdogo wako nikupendaye, niliyeanza yote kwa sauti yangu,
Evarista

N.B. Nakuomba ujibu kwa posta ya kwanza, ili nimpelekee barua yako kabla ya mwisho wa Agosti. Kama aingie au asiingie, utasema wewe. Ila Qamara ameandika karatasi tatu na kuzichana zote, na mwishowe akaniomba nikuulize neno moja tu kwa niaba yake: ule mkono, kaka, bado unakuuma wakati wa baridi?