Simu Niliyoikata Baada ya Mdahalo

Mpendwa Bi. Hedwig,

Nasoma safu yako ya ushauri gazetini kila wiki, leo naomba unishike mkono kabla sijaharibu hata kilichobaki, maana tangu ule mdahalo wa urais mimi si mtu tena, mume wangu Delbert anasema hata mbwa ananikwepa. Mimi ndiye ninayewasimamia wanaojitolea kumpigia kampeni Gavana Ostrander hapa wilayani kwetu, na jioni ile walijaa sebuleni kwangu na soseji zao na jibini ya kukaanga, tukijua mtu wetu atamfunika mpinzani wake, kumbe kaja na mafua na sauti imemkauka, akaulizwa bei ya maziwa, hapa Wisconsin ambako kila wa pili anafuga ng'ombe, bei ya maziwa, akababaika mpaka nikazima televisheni kabla hawajamaliza, na watu wakachukua makoti yao wakaondoka kama wametoka msibani.

Basi kazi yangu sasa ni kura za maoni tu, zile za kupima nani anaongoza, naamka nazo nalala nazo, nachungulia simu hata kanisani, na kila ikitoka mpya tumeshuka zaidi, na wifi yangu Noreen, ambaye ni wa chama cha pili, tukikutana Ijumaa mgahawani kula samaki ananiuliza mbele za watu, "Wifi, lile bango la Ostrander bado liko uani kwako, au umeshalifanya kuni?" Hata hao wapima maoni wenyewe walinipigia siku ya pili yake, kijana ana adabu, akasema, "Mama, naomba dakika chache tuzungumze habari za uchaguzi," nikamjibu, "Tafuta mwingine wa kumcheka," nikakata, na wenzangu kadhaa wananiambia nao walipopigiwa walikata vivyo hivyo, nani ana hamu ya kuongea.

Ila kinachoniuma hasa ni binti yangu Greta, anagombea ubunge wa jimbo kwa chama chetu, jina lake liko kwenye karatasi hiyo hiyo ya kura, na Jumamosi tulikuwa twende kubisha hodi mlango kwa mlango kumwombea kura, nami nimewaambia watu wote wasije. Greta hakugomba. Aliniambia tu, "Mama, mimi sikuwepo kwenye ule mdahalo." Nijiuzulu, au nifanyeje?

Arlys Teschendorf

*

Arlys,

Pole. Na mimi niliutazama huo mdahalo, kwenye bei ya maziwa nikajifunika uso kwa mto. Gavana wako aliboronga, usijidanganye. Sasa futa machozi unisikilize.

Umeniandikia dawa yako kwa mkono wako mwenyewe na hukuiona. Mpima maoni anamhesabu anayepokea simu. Wiki ile upande wa Noreen walikuwa na furaha, wangeongea hata na muuza madirisha aliyewapigia. Ninyi mlinuna, mkakata. Halafu namba zikishuka unalia, wakati wewe ni mmoja wa waliozishusha! Sisemi hakuna aliyemkimbia Ostrander. Wapo. Wangapi, hakuna anayejua mpaka watu watulie, na wewe huwezi kuwajua kwa kukodolea kioo cha simu.

Kwa hiyo simu mpe Delbert. Kura za maoni utazitazama Jumapili, ukitoka ibadani, mara moja, na utatazama wastani wa zote, siyo ile moja iliyokutisha zaidi. Kujiuzulu sitaki kukusikia ukitaja tena. Leo hii uwapigie watu wako uwaambie Jumamosi ipo pale pale, na uwanunulie maandazi, maana wewe ndiye uliyewavunja moyo. Mlangoni anza na jina la Greta. Mtu akikuuliza mdahalo, mwambie ndiyo, alikuwa vibaya, kisha muulize yeye maziwa anauza bei gani, unyamaze usikilize. Yule kijana akipiga tena, vuta kiti umjibu mpaka achoke yeye.

Na mlango wa kwanza uwe wa Noreen. Mpeleke Greta. Mtoto amekuambia hakuwepo kwenye mdahalo, nawe ukamwadhibu kana kwamba ndiye aliyebabaika. Hilo utamwomba radhi kabla hujafunga barua hii.

Bi. Hedwig

*

Bi. Hedwig,

Greta ameshinda! Sikuandikii kuomba kitu leo, naandika kwa sababu nikikaa kimya nitapasuka. Jumamosi ile walikuja wote, hata waliokuwa wamenuna kunishinda, tukarudi kila Jumamosi mpaka buti zikaachia, na yule kijana alipopiga nilimweka kwenye simu mpaka akaniambia, "Mama, asante, nina watu wengine." Namba zilipanda, zikashuka, zikapanda, nilikuwa nasikia kwa Delbert Jumapili tu. Gavana Ostrander naye amelichukua jimbo letu, na mafua yake.

Ijumaa tulikwenda kula samaki. Nilijipanga kumtania Noreen mpaka akome, lakini alinivutia kiti kando yake akaninong'oneza, "Urais sikuwapa, msijitape. Ila ubunge nilimpa Greta."

Nikamuuliza kwa nini.

"Si ndiye aliyekuja mlangoni kwangu, wifi. Wa kwetu hawakubisha hodi hata siku moja. Walisoma kura za maoni, wakaona wameshashinda."

Bango bado liko uani. Noreen ameomba moja la Greta.

Arlys