Kura Kumi na Tisa Kashani Mwangu

Mpendwa mshauri Bi Umkulthum,

Naomba msaada wako na naomba upesi, maana hapa ninapokuandikia furaha na khofu vimenishika kwa pamoja, tangu juzi chakula hakipiti na mama mkwe wangu Bibi Ghalia ameshaanza kuniuliza kama nina mimba. Sina mimba, Bi Umkulthum. Nina kura kumi na tisa za uchaguzi wa ubunge, zimeungua nusunusu, zimo kashani mwangu chini ya doti za kanga, hapa Ibra, Omani.

Sisi tumetoka Tanzania bara mwaka huu huu wa 1981, na huko mume wangu Harub alikuwa na duka na lori katika mji mdogo, na Oktoba iliyopita wakati wa uchaguzi lori lake lilikodiwa kukusanya masanduku ya kura vijijini yaletwe mjini kuhesabiwa. Wagombea walikuwa wawili, wote wa chama, mmoja alama yake nyumba na mwingine jembe, na wa jembe ndiye Mwalimu Abdalla aliyewasomesha wanangu wote watatu, mtu hana makuu. Basi alasiri Harub akaja na sanduku la kijiji cha mwisho, na karani wa uchaguzi yuko naye, wakaliteremsha sebuleni kwetu ati karani apumzike kidogo anywe kahawa, na Harub akaenda msikitini kusali. Mie, kama ilivyo kawaida ya nyumba zetu, nilikuwa nyuma ya pazia na birika langu. Yule karani namjua kwa sauti mwaka wa nne, kila Ijumaa huja kununua halua, na huniita "mama wa pazia" ingawa hajawahi kuniona uso, wala mie wake sijautazama.

Akakohoa kile kikohozi chake, akasema, "Mama wa pazia, nisaidie seredani yenye moto, na ile lakiri nyekundu ya dukani ya kufungia vifurushi." Nikamsukumia seredani chini ya pazia, kijiti cha lakiri nikampa mkononi, na nilichokiona ni huo mkono tu. Nikasikia kitu kinakwaruzwa, nikasikia karatasi zinachakarika, ikaja harufu ya kuungua nikadhani anavuta sigara, mjinga mie! Harub akarudi, wakapakia sanduku wakaenda. Magharibi nikawa nasugua lakiri kwenye mkono wa kanzu ya Harub na haitoki, mpaka leo haijatoka, kanzu hiyo huivaa akienda shambani tu, na nilipokwenda kumwaga majivu ya seredani nikakuta karatasi zimebaki chini hazikuungua zote, na juu yake limeandikwa jina, Abdalla. Sasa wewe unajua kwetu, karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu haitupwi jaani, na Abdalla jina la Mungu limo ndani yake, basi nikaziokota moja moja, nikazipangusa, nikazifunga kitambaa cheupe nikazitia kashani. Niliona kijembe na alama ya kalamu nikafikiri ni matangazo, maana mie sijapiga kura maishani mwangu na sijui inafanana vipi. Wallahi sikuwa na fikra nyingine, nilikuwa nahifadhi jina la Mungu tu. Asubuhi yake Mwalimu akatangazwa kashindwa kwa kura kumi na moja.

Wiki tatu zilizopita ikanijia barua ya Zena, mke wa Mwalimu, shoga yangu wa miaka, kwamba mumewe amepinga matokeo Mahakama Kuu na kesi itasikilizwa Mfunguo Pili, na kila mtu mjini anasema sanduku lilifunguliwa lakini hakuna wa kuthibitisha, "na sanduku lilipita kwenu, shoga, hukuona kitu?" Bi Umkulthum, nilipiga yowe! Nikakimbilia kasha, nikazihesabu mara tatu, kumi na tisa! Naye kashindwa kwa kumi na moja! Niliruka peke yangu chumbani, mtu mzima na miaka yangu arobaini na miwili, mie ambaye hapa Ibra wanawake wenzangu hunicheka kila nikifungua mdomo kusema Kiarabu, kumbe nina kitu jaji mzima anakitafuta.

Nikamjibu Zena siku ile ile. Sasa amerudisha jibu, wakili anataka niende mwenyewe na karatasi zangu, na chini kabisa Zena ameongeza kwa herufi ndogo kwamba kusikia tu hakutoshi, niseme nilichungulia nikamwona karani uso kwa uso akilifungua sanduku, neno moja tu, kwani si kweli kwamba ni yeye? Na Harub ameiona barua. Hajapata kunifokea hivyo tangu tuoane. Amesema yeye sasa ni mwajiriwa wa serikali, anaendesha gari la maji, hataki mambo ya bara, nichague, karatasi au nyumba yake. Bibi Ghalia naye amesema katika ukoo wao hakuna mwanamke aliyesimama kotini. Na mie nataka kwenda, nataka mno! Je, niende? Niseme nilimwona? Na nimeshatoa mkasi nizikate zile pembe zilizoungua ili ziwe safi mbele ya jaji, na nizifukize udi zitoke moshi.

Ni mie, Mama wa Pazia, Ibra.

*

Mama wa Pazia,

Weka chini huo mkasi! Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya tatu nimesimama, na mhariri akaniuliza nimepatwa na nini. Majina yote nimeyabadili, na jibu hili umeletewa na msafiri kabla halijachapwa, maana furaha imekuzuzua hata hukufikiri kwamba jambo lililo mbele ya jaji haliandikiwi gazeti ovyo.

Ati ziwe safi! Safi za nini, una wageni? Hapo palipoungua ndipo panaposema kwamba mtu alitaka zipotee. Usizikate, usizifukize, usizipige pasi. Zibaki katika kitambaa kile kile, na posta zisiguse. Ila zigeuze taratibu utazame nyuma. Karatasi ya kura ina nambari, na kishina chake hubaki katika kitabu cha kituo. Nakili nambari zinazosomeka umpelekee wakili, aiombe mahakama ivilete vishina vya kijiji kile. Vikilingana, nani tena atasema umezichapa mwenyewe huko Ibra? Nimemuuliza wakili mmoja hapa Mombasa, naye aliposikia kumi na tisa juu ya kumi na moja, chai yake ilipoa mezani. Jaji hafuti uchaguzi kwa sababu tu mtu kafanya ubaya, bibi wee. Anataka aone ubaya huo umegeuza matokeo, na asibaki na shaka. Maneno ya barazani hayamfai kitu, na mji mzima wa Zena una maneno ya barazani. Wewe ndiye mwenye kitu.

Ndiyo maana nakukataza uongo wa Zena. Ana uchungu wa mumewe, namhurumia, lakini hilo "neno moja tu" litamwangusha Mwalimu kuliko huyo karani. Wakili wa upande wa pili atakuuliza karani alivaa nini, ana ndevu au hana, alisimama au alichutama. Utabuni. Ukinaswa kwa moja, jaji atakutupa wewe na karatasi zako zote. Na utakuwa umeushika msahafu kwa uongo, wewe uliyeona vibaya hata kumwaga jina la Mungu na majivu! Sema seredani, sema lakiri, sema mkono. Uso hukuuona, basi sema uso sikuuona.

Sasa Bwana Harub. Umeandika kwa mkono wako, kisha ukapita kama hukuandika, kwamba ulisugua lakiri kwenye kanzu yake. Dada yangu, sanduku lililofungwa kijijini tangu mchana lakiri yake imeshakuwa ngumu kama jiwe. Ile iliyomganda ilikuwa mbichi! Mumeo alilibeba sanduku lenye lakiri mbichi na akajua analibeba nini. Hasira zake si za karatasi. Anaona haya kwamba aliliacha sanduku na mtu mmoja, na kwamba aliporudi alinyamaza, na Mwalimu aliyewasomesha wanawe akashindwa.

Kwa hiyo usimfokee, wala usiende kwa siri, hilo nakukataza kabisa. Mtilie kahawa, itoe ile kanzu ya shambani, ikunjue mbele yake mkono wenye doa ukiwa juu, kisha wewe ufunge mdomo, najua ni kazi. Akianza kusema, mwambie hakuna mahakama itakayomshitaki kwa kwenda kusali. Naye ni shahidi wa pili, tena wa kuona. Asafiri na wewe, na Bibi Ghalia hatakuwa na la kusema mwanawe akiwa ubavuni mwako. Akikataa hata hapo, kale kiapo cha maandishi mbele ya kadhi wa hapo Ibra, kisha mchague pamoja mtu mnayemwamini azichukue karatasi mkononi mpaka kwa wakili. Lakini hatakataa. Mtu aliyetaka kusahau angeitupa kanzu ile zamani.

Na ukifika mahakamani, wakili wao atacheka, usimwogope. Atakuuliza, "Mama, hukumwona, umemjuaje?" Mgeukie jaji umwambie: Mheshimiwa, tundikeni pazia hapa. Wasimame wanaume kumi nyuma yake, karani awe mmoja wao, na kila mmoja aseme, "Mama wa pazia, nisaidie seredani." Mie nitamtaja akikohoa tu.

Bi Umkulthum