Choo cha Mama Mkwe

Alhamisi, Kilole. Manyunyu tangu asubuhi. Nimechoka hata kuvua viatu naona kazi.

Kesho Bwana Afya anataka jibu langu: niende kusomea kazi yake, au nibaki kufagia dispensari. Tangu mwanetu Zena afariki kwa kuharisha masika yaliyopita, jibu nilikuwa nalo. Ningesema ndiyo hata usingizini.

Leo sina hakika tena.

Tulikwenda Mkata na lori kukagua vyoo. Serikali imeamuru kila nyumba iwe na choo, na mimi ndiye huingia uani kutazama wakati Bwana Afya akizungumza na wenyeji. Mchana tukafika kwa wakwe zangu.

Nikamnong'oneza, "Bwana, hapa ni kwa mama mkwe wangu. Naomba uingie wewe."

Yeye ni mtu wa mbali, hajui miiko yetu ya wakwe. Akacheka. "Ukishavaa kofia ya kazi, utakuwa unachagua vyoo?"

Nikaingia. Mama mkwe, ambaye tukikutana njiani huwa naingia majanini ili apite, aliniona nikifungua mlango wa choo chake. Akajifunika kanga uso mzima, akageukia ukutani. Nilitamani ardhi inimeze.

Choo chenyewe kilikuwa kisafi mno. Majani yameota mlangoni. Hakuna anayekitumia, na sababu naijua: ni kimoja tu, na baba mkwe hawezi kuingia mahali wanapoingia wake za wanawe. Basi wote huenda vichakani, kwenye mteremko unaoshukia bwawa wanalochota maji. Ni maji ya bwawa hilo hilo aliyokunywa Zena tulipokwenda kuwasalimu.

Nikamweleza Bwana Afya ukweli. Nilidhani ataelewa. Sasa baba mkwe ameitwa barazani kwa jumbe, mkuu wa kijiji, akajibu kwa nini choo hakitumiki, na aliyemsema ni mimi.

Jioni nimemwambia mke wangu, Mwanaidi. Nilitegemea matusi. Aliendelea kuchambua mchicha.

"Wewe nenda ukasome," akasema. "Lakini leo kwa mama hukwenda kama mkwe. Mkwe huenda na jembe, baba Zena."

Amesema kweli. Kuchungulia choo cha mkwe ni fedheha, lakini kumchimbia hakujawahi kumwaibisha mtu. Mimi mwenyewe niliposa kwa kulima mahindi yao msimu mzima.

Naogopa kazi hii. Kila kijiji kina wakwe wa mtu, na mimi ndiye nitakayefungua milango yao. Hata hivyo kesho nitasema ndiyo. Jumamosi nitapanda gari la Mkata na jembe langu, nikachimbe choo cha pili, cha wanawake peke yao.

Kuna jambo moja tu linaninyima raha. Mkwe akichimba, huletewa maji ya kunywa, na kuyakataa ni kumtukana mwenye nyumba. Mama mkwe akinitumia kata ya maji ya bwawa lile, nitafanyaje?