Pamba ya Spiriti

Jumapili, 2 Novemba. Riyadh
Majuma matano sijaandika neno. Sikuugua wala sikusafiri; nilizembea tu, na ninaungama. Leo kundi la pili la polisi limeanza mafunzo ya kuchukua damu. Wanaume kumi, mkono mmoja wa mpira wa kujifunzia. Wanaufunga utepe wa kukazia mshipa kana kwamba wanautia pingu. Achieng, muuguzi Mkenya ninayefundisha naye, aliwaambia mshipa hautoroki. Wakacheka. Mimi sikucheka. Sindano iliyokwisha tumika haivikwi kifuniko. Hutumbukizwa moja kwa moja katika kopo gumu. Nimelirudia hilo mara sita.

Jumatatu, 3 Novemba
Vimeletwa vifaa vipya vya kuchukulia damu ya madereva wanaoshukiwa kulewa. Pamba ya kusafishia ngozi haina spiriti. Nikakaa kitini. Kundi la kwanza niliwaonyesha kwa pamba ya spiriti. Miaka thelathini na minane wodini. Mkono ulikwenda wenyewe. Kwa mgonjwa ni sawa. Kwa damu inayopimwa pombe ni kosa, maana spiriti yenyewe ni pombe, nayo yaweza kuingia kichupani. Aibu.

Jumanne, 4 Novemba
Nimewapigia simu askari wa kundi la kwanza, mmoja baada ya mwingine. Karibu wote hawajamchoma mtu. Wa mwisho alikuwa Sajenti Salim wa Jeddah, hodari kuliko wenzake. Amechukua damu mara moja: dereva wa lori, Mkenya wa Mombasa, aliyegonga nguzo. Dereva anaapa hajaonja pombe maishani. Kipimo kimeonyesha pombe, kidogo. Yumo mahabusu. Nilimwuliza Salim aliusafisha mkono kwa kitu gani.

"Kwa spiriti, ustadhi. Kama ulivyotufundisha."

Alisema kwa fahari. Sikuwa na la kumkemea.

Jumatano, 5 Novemba
Sijala. Nimemweleza Achieng yote, na kwamba nitawaandikia polisi wa Jeddah barua ya kukiri kosa.

"Mzee, kwani nani amekuuliza? Ukipeleka hiyo barua, kafili aliyekudhamini anakufutia ikama, huna tena kibali cha kuishi hapa, halas, basi. Umebakisha miezi mitatu tu uende kwa wajukuu."

Nikamwuliza dereva amebakisha miezi mingapi. Akaniita mkaidi. Kisha akachukua simu yake, akanitafutia tiketi ya ndege ya kwenda Jeddah.

Barua nimeiandika mara tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zinajitetea. Nimezichana.

Alhamisi, 6 Novemba. Jeddah
Nimemkabidhi kanali, mkuu wa Salim, barua mkononi. Inasema sajenti alitii mafunzo, na kosa ni langu peke yangu. Aliisoma mara mbili. Akauliza kama ninaelewa kwamba mkataba wangu unaweza kuvunjwa. Nilijibu kwamba ninaelewa. Akaniamuru nisiondoke mjini. Hakunipa mkono. Niliogopa, na bado ninaogopa.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimeswali. Hakuna simu.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimepanga chumba Balad, mtaa mkongwe wa Jeddah. Chini wachukuzi wanasukuma mikokoteni ya vitambaa. Salim amepiga simu. Yeye hataguswa, nimeshukuru. Dereva ameambiwa kuna barua, akataka kujua imetoka kwa nani. Salim alimjibu kwamba imetoka kwa mwalimu wake. Dereva aliomba maji.

Kikao cha kuamua kesi ya dereva ni keshokutwa. Nimefua kanzu, nimeianika dirishani. Wakishaamua juu ya dereva, nitaandika hapa siku hiyohiyo. Juu yangu, baadaye.