Waya wa Spika wa Shemeji Yako

Shoga uko wapi? Nimejifungia chooni, nacheka hadi mbavu zinauma.

Unamjua shemeji yako, mwalimu wa kwaya, na hayo masikio yake anayojisifia. Kaagiza waya wa spika mtandaoni. Waya tu! Bei ya friji, tena ya milango miwili. Eti unasafisha sauti.

Leo kamwita fundi redio aje ashuhudie. Kaweka wimbo, kafumba macho. "Unasikia besi ilivyotulia? Ule waya wa zamani ulikuwa unanitesa!"

Fundi anachungulia dirishani.

"Mwalimu, huo mpya ndio ule mweupe, mnene?"

"Huohuo!"

"Mbona uko uani, umeanikiwa nguo?"

UANI, shoga! Kumbe mama mkwe aliuchomoa asubuhi, akaona kamba safi hiyo. Spika akazirudishia ule wa zamani.

Mwalimu katoka mbio, kasimama mbele ya gagulo la mamake, mdomo wazi.

Mama anamwangalia kwa upendo: "Mwanangu, kamba hii nzuri kweli. Niagizie na nyingine ya mashuka."