Upepo, si Pepo

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai mguu umepungua uvimbe na usingizi unakuja. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila jua la Doha linatukaanga sisi tunaopeleka vyakula kwa pikipiki. Barua hii nimempa jirani yetu Mwanasiti anayerudi Msambweni likizo. Shangazi akusomee yote, asiruke neno. Kwenye simu nikipandisha sauti unasema, "Mtandao mbaya, mwanangu," kisha unakata.

Nimekasirika, Mama. Tena sana.

Bakari amenitumia picha yake juu ya pikipiki, anacheka, shingoni ana kitambaa chekundu ambacho ncha yake inaning'inia karibu na gurudumu la nyuma. Nilidhani ni mapambo ya bodaboda. Kumbe ni dawa! Mdogo wangu alikwambia, "Mama, nikifika Gazi napigwa na upepo, kichwa chatikisika, nikishuka napepesuka." Yeye kasema upepo, wewe ukasikia pepo. Mbio kwa mganga.

Sisemi pepo hawapo. Bibi alikuwa na wake, tukampigia ngoma, akatulia. Lakini ni pepo gani huyu anayempanda mtu akienda kasi, na akipunguza mwendo anashuka? Anamngoja Gazi kwa nini? Pale minazi inakwisha, uwazi unaanza, na upepo wa baharini unampata ubavuni. Hata mimi huku napigwa hivyo hivyo, na shingo yangu haina kitambaa.

Mwambie wewe, maana kwako atasikia. Kile kioo kirefu cha mbele alichofungiwa Ukunda kinaishia usawa wa kidevu. Upepo unakiparamia, unaruka juu, unamtwanga helmeti. Akishushe, au akitoe kabisa. Upepo wa kifuani unachosha tu, wa kichwani ndio unaotikisa. Ule mwavuli wa kuwafunika abiria nao autoe, kwenye barabara ya Lunga Lunga ule ni tanga. Helmeti imkae barabara, mkanda ufungwe, jaketi lisipepee. Lori likija mbele yake apunguze mwendo, ainame kidogo, abane tangi kwa magoti, na mikono asiikaze. Nilipoanza kazi huku nilikuwa naukamata usukani kama ninayenyang'anywa, na kila upepo uliponisukuma mimi, pikipiki nayo ilikwenda.

Hayo yote yanaweza kusubiri mpaka fundi apatikane. Kitambaa hakisubiri. Mwenzetu mmoja hapa, kijana wa Nepal, skafu yake iliingia kwenye mnyororo. Nilikuwa nyuma yake. Niliyoyaona siandiki, namhurumia Shangazi anayesoma.

Nilimpigia Bakari simu siku ile ile ya picha. Nikamwambia, "Kivue, sasa hivi." Akanijibu, "Kaka, siwezi. Mganga kasema fundo halifunguliwi ila na mkono uliolifunga." Nilimtukana mpaka wenzangu wa chumbani wakaninyang'anya simu. Yeye akawa ananijibu "ndiyo kaka, naam kaka," na kitambaa kiko pale pale! Mtoto mtiifu namna hii anatisha.

Ngoma pigeni, ubani fukizeni, mganga aje ale wali ashibe. Hata kitambaa, kama hapana budi, akifunge kiunoni, ndani ya shati. Pepo kama yupo kweli atakiona tu.

Nisalimie Shangazi, na anisamehe kwa ukali niliompa ausome. Baba mdogo wa kule shambani, na shemeji yangu mshona nguo, wote wape salamu zangu. Mganga simpi.

Nilimuuliza Bakari mkono uliofunga ni wa nani. Akasema, "Wa Mama." Basi, Mama, mwite. Shangazi asiikunje karatasi hii mpaka fundo lifunguke.

Mwanao, mwenye hasira na mwenye kukupenda,
Juma