Siku Mama Alipotoka Kwenye Orodha

Jumatatu, 9 Juni

Kariakoo ikiulizwa nani aliiingiza kwenye intaneti, itanyoosha kidole steshenari yangu, Mtaa wa Sikukuu. Mimi, Athumani. Kabla yangu watu hapa walidhani tovuti ni jina la ugonjwa.

Nimefungua saa mbili. Fotokopi za vyeti vya kuzaliwa mpaka adhuhuri. Mashine inakwaruza. Mgongo pia.

Zuhura kaja, tumbo mbele, yeye nyuma. Mpwa wangu, mtoto wa dada Mwanahamisi. Anatengeneza tovuti ya duka la vitenge la Bwana Jayanti, kwenye kompyuta yangu. Kazi yake ya kwanza kubwa, na nyingine hana. Jumamosi lazima sura mpya iwe hewani, maana kuna wateja Lubumbashi na Moroni wanaotaka kuchagua vitambaa humo. Ikichelewa, Bwana Jayanti anaihamishia kazi kwenye ofisi moja ya mjini, yenye kiyoyozi. Kamwambia wazi.

Kanionyesha moduli aliyoiandika. Ni faili la kodi, yale maandishi ya kuiamrisha kompyuta. Ndani kuna orodha ya sura na nyongeza zote za tovuti. Unaendesha amri moja, moduli inabeba kila kilichoandikwa na kukipeleka kwenye ile kompyuta kubwa iliyoko ughaibuni. Kisichoandikwa inakiondoa kule. Basi. Nikamwambia hayo nilikuwa nayafanya tangu enzi za taipureta. Akacheka.

Mama Kimaro, jirani muuza ndoo na masufuria, kusikia tunataja kodi kashusha mlango nusu. Kadhani watu wa mapato wameingia mtaani. Nikamweleza hii ni kodi ya kompyuta. "Nayo mmeanza kuilipia?" Elimu ni kitu kigumu.

Jumanne, 10 Juni

Joto. Wateja wachache.

Mama Kimaro kanikuta na gazeti, nimelishika mbali. "Profesa, unasoma au unampungia mtu wa ng'ambo ya barabara?" Nikamwambia nina mikono mirefu, ya kurithi. Babu yangu alikuwa anachuma nazi akiwa amesimama chini. Anaudhi yule mama.

Zuhura kamaliza kila kitu. Kesho kutwa anaendesha amri.

Jumatano, 11 Juni

Zuhura kashikwa uchungu alfajiri, kabla ya siku zake. Dada kampeleka hospitali. Kaniachia ujumbe kwenye simu: "Mjomba, imebaki amri tu. Usibadilishe kitu. Soma maelezo juu ya orodha."

Usibadilishe kitu! Mimi niliyeifufua kompyuta iliyoopolewa kwenye tope la Jangwani, ikiwa na kambale ndani. Ikawaka. Kambale naye alikuwa hai.

Saa nne kaja Bwana Jayanti. Mtu mpole, haketi. Kasema, "Bwana Athumani, ile sura ya zamani mimi sitaki kuiona tena. Toa kabisa." Nikamjibu ni suala la dakika moja. Nikamwongezea kwamba niliwahi kutengeneza tovuti ya ikulu ya nchi moja jirani, siwezi kuitaja. Hakuuliza ipi. Inauma mtu asipouliza.

Nikafungua faili. Maandishi madogo kama siafu. Juu kuna mistari fulani, maelezo. Maelezo nayajua. Chini, kwenye orodha, sura mbili: moja Zuhura kaiita mama, nyingine mtoto. Akili ikafanya kazi. Mama ndiye wa zamani. Mtoto ndiye mpya. Bwana kasema toa ya zamani. Nikafuta mstari wa mama. Nikaongeza nyongeza zangu tatu: saa, kalenda, na maua yanayodondoka toka juu. Mpwa wangu alisahau urembo. Nikaendesha amri.

Nikafungua tovuti. Nyeupe. Hakuna duka, hakuna kitenge, hakuna hata herufi. Nyeupe pe.

Saa tisa umeme ukakatika. Mara ya kwanza maishani nimeushukuru.

Alhamisi, 12 Juni

Umeme umerudi. Bado nyeupe.

Nimetoa maua. Nyeupe. Nimetoa kalenda. Nyeupe. Saa nayo. Nyeupe. Nimeizima kompyuta, nikaipiga kofi, nikaiwasha. Mama sikumrudisha. Nitarudishaje kitu ambacho mwenye duka kasema hataki kukiona?

Bwana Jayanti kapiga simu mara nne. Ya nne nikapokea. Nikamwambia wahuni wa kompyuta kutoka nje wametuvamia, wanaionea wivu Kariakoo. Akasema tu: "Kesho kutwa, Bwana Athumani." Akakata.

Sijala mchana. Naogopa. Msichana yuko leba, na mimi huku nimeshika riziki yake na nimeidondosha.

Saa saba hivi nikashindwa. Nikatuma ujumbe kwenye simu yake: "Mama ametoweka. Mtoto amebaki mweupe, hasemi kitu. Nifanyeje?"

Hakuna jibu.

Ijumaa, 13 Juni

Aibu. Naiandika iishe.

Simu ya Zuhura alikuwa nayo dada, kwenye benchi nje ya leba. Zuhura alikuwa ndani, hakuna nesi aliyetoka kusema neno tangu asubuhi. Ndipo ukaingia ujumbe wangu. Mama ametoweka. Mtoto mweupe, hasemi kitu. Dada akaona nimepata habari kabla yake. Akapiga yowe wodi nzima ikasimama. Kanga ikamdondoka. Wanawake wasiomjua wakaanza kulia naye. Nesi akatoka mbio na kumshika mabega: "Mama, mwanao mzima. Kajifungua sasa hivi, mtoto wa kike. Analia kama wewe."

Leo asubuhi dada kaja dukani. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Miaka yote hii hajawahi kuniachia shikamoo hewani.

"Athumani, siku nyingine ukitaka kuniua njoo na panga, nikuelewe."

Nikamweleza kwamba mama na mtoto ni majina ya sura za tovuti. Akaniangalia kama naumwa. Mama Kimaro alisikia yote. Kacheka mpaka masufuria yakagongana.

Saa tano Zuhura kapiga simu. Yuko kitandani bado, sauti chini. Kichanga kinasikika pembeni.

"Mjomba, ulisoma maelezo?"

Nikasema nilisoma.

"Sasa mama katokaje kwenye orodha?"

Nikasema umeme ulikatika.

Nikamsikia akikiweka kichanga vizuri.

Kisha akanieleza taratibu. Sura ya zamani alishaiondoa mwenyewe kwenye orodha wiki iliyopita. Mama na mtoto wote ni wapya. Mtoto si sura kamili, ana rangi na picha za duka tu. Mengine yote, kurasa zinavyokaa, vitufe, kila kitu, anachukua kwa mama. Mgeni akiingia dukani hamwoni mama, anamwona mtoto. Lakini mama akiondolewa, mtoto hana pa kusimama.

"Mrudishe juu ya mtoto. Andika mama, herufi ndogo zote. Halafu endesha."

Nikaandika. Herufi nne. Nikaendesha amri na kungoja. Vitenge vikaanza kuja, safu kwa safu, vya njano, vya bluu, vile vya tausi.

"Vimekuja, Mjomba?"

"Vimekuja."

"Asante, Mjomba."

Asante. Bora angenitukana.

Jumamosi, 14 Juni

Tovuti iko hewani tangu jana, haijatikisika. Mteja wa Lubumbashi kachagua vya tausi. Bwana Jayanti kaja kunionyesha barua pepe, leo akaketi. Kampelekea Zuhura doti mbili za kitenge, na kasema akitoka arobaini kuna duka la mashuka la nduguye linataka tovuti. Moduli ileile.

Mtaani wanasema nimepambana na wahuni wa nje siku mbili mfululizo, nikawashinda. Watatu, wengine wanasema saba. Sikumkatalia mtu.

Nimechoka. Uchovu wa mifupa.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka kwa dada, Magomeni, kumwona mtoto. Kalala muda wote. Ana kipaji cha uso cha kwetu. Dada kaniitikia shikamoo, kwa chini, akiwa anageukia jiko. Zuhura kanimiminia chai mwenyewe, nikamzuia, hakukubali. Hakuna aliyeniuliza habari za umeme.

Nimepitia dukani. Mtaa kimya, Mama Kimaro kafunga. Nimeufunga mlango kwa ndani.

Nyuma ya rimu za karatasi kuna soksi. Ndani ya soksi kuna miwani. Niliinunua mwaka juzi kwa mtu mwenye meza pale Msimbazi, sijawahi kuivaa mbele ya mtu. Leo nimeivaa na kufungua lile faili.

Juu ya orodha Zuhura aliandika mistari miwili tu: Mjomba, usimtoe mama. Mtoto anamtegemea.

Jina langu lilikuwa pale tangu Jumanne. Sikuyasoma maelezo. Herufi ndogo sizioni.